Meza Ilibaki Tupu

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mke wangu amekufa. Jana, saa kumi na moja na nusu jioni, kwenye korido ya dharura, hospitali.

Daftari hili ni la kazi. Huandika siku niliyofanya na nilichofanya, basi. Jana ingekuwa: zege, ghorofa ya pili. Sasa naandika na hilo lingine. Sina pengine pa kuliweka.

Binti alipiga simu saa nne asubuhi. Mama kifua kinambana, hapumui vizuri. Mimi niko kwenye ngazi. Watu kumi na wawili, karai linapanda mkono kwa mkono, mimi wa saba. Zege likishaanza haliachwi katikati. Likikauka nusu, nusu ya pili haishikani nalo. Kila mtu wa mjengo analijua hilo. Mke wangu akachukua simu mwenyewe. Akasema maliza tu, nitakusubiri.

Nikamaliza. Saa nane mchana.

Nilipofika nyumbani midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Nimembeba mgongoni mpaka barabarani. Mwepesi. Mfuko wa saruji mzito kuliko yeye — sikujua.

Daktari alimtazama dakika mbili. Akasema moyo, akasema angeletwa asubuhi. Akaenda kwa mwingine.

Angeletwa asubuhi.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Tumezika. Watu wengi. Kaburi nimelichimba na wenzangu wa mjengo, walitaka nisishike koleo, nikashika.

Msimamizi wetu alikuja pia. Tunamwita Pimamaji kwa kuwa hakiachi kile kipimo chake cha maji, hata akila kiko pembeni ya sahani. Leo kilikuwa mfuko wa nyuma. Nikafikiri atapima kaburi kama liko sawa. Nikataka kucheka. Mambo haya.

Dada wa marehemu alingoja watu watulie. Akaja karibu, sauti ya chini, ya mtu anayekuuliza habari za nyumbani.

"Zege lilishika vizuri, shemeji?"

Nikafuta koleo. Lilishika.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nyumba imejaa wanawake, wanafagia palipokwisha fagiwa. Nimekaa nyuma, kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Namfikiria yule sista wa hospitali, muuguzi wa zamu ile.

Alikuwa peke yake kwenye meza ya kupokea wagonjwa. Anapima presha, anaandika, anaita. Mstari mpaka mlangoni. Mke wangu wamemlaza kwenye kitanda cha magurudumu, koridoni, ukutani. Watu wanapita, mmoja akagonga kitanda kwa mguu wala hakugeuka. Mke wangu ananiambia nisogee. Nikamshika mkono. Akauvuta.

Mikono yangu ilikuwa na zege. Limekauka vidoleni, limeota kama magamba. Sikunawa — nilitoka kazini mbio. Mbio! Saa nane.

Sista akaona. Alinyanyua simu ya mezani, akasema anahitaji mtu wa kushika meza, ana mgonjwa anaondoka. Akasikiliza. Akapiga tena. Ya tatu akasema sawa, hakuna mtu, nimesikia. Akaweka simu, akasimama, akaja kwetu na beseni.

Akaninawisha. Mimi mtu mzima, ndevu hizi. Kidole kimoja kimoja, kwa maji ya vuguvugu na kitambaa, mpaka magamba yakatoka. Mahali palipogoma alipaka mafuta akangoja. Akanifuta.

"Mshike sasa, baba. Hutamkwaruza."

Nikamshika. Hakuvuta tena.

Halafu akatundika shuka kati yetu na korido, ncha moja dirishani, nyingine kwenye chuma cha dripu. Mke wangu akamuuliza, mwanangu, nakufa? Mimi ningesema hapana. Sista hakusema hapana. Alisema, mama, mumeo huyu hapa, na mimi nipo, sitoki. Akamlainisha midomo kwa pamba. Nje ya shuka watu wanapiga meza, wanaita, mmoja anatukana. Hakugeuka.

Hakutoka mpaka mwisho. Alimfumba macho yeye. Alimwambia pole — yeye, marehemu. Kisha ndio akaniambia mimi.

Sikumwambia hata asante.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Hakuna.


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimekwenda hospitali kuchukua viatu vya marehemu na karatasi ya kifo. Viatu nimepewa. Mtu wa karatasi hayupo, njoo kesho.

Nikasema nisirudi hivihivi, nimtafute yule sista nimpe asante yangu. Hayuko mezani. Nikaelekezwa kwa metroni, mkuu wa wauguzi. Mama mnene, miwani shingoni, ofisi ina feni isiyozunguka. Akanipokea vizuri. Akaniletea kiti mwenyewe.

Nikamwambia yote. Mimi si msemaji lakini leo nilisema. Alivyoacha kila kitu akaja kwetu. Alivyoninawisha. Watu wanaita na yeye hageuki. Metroni anaandika. Akauliza aliondoka mezani saa ngapi. Nikasema kumi na moja kasorobo. Akarudi saa ngapi? Nikasema mpaka mwisho, na baada ya mwisho. Akauliza, kwa hiyo meza ilibaki tupu muda wote huo? Nikasema tupu kabisa, mama! Hakujali meza, alimjali mtu.

Nikajisikia vizuri. Mara ya kwanza tangu siku ile.

Akageuza karatasi, akaniomba nitie sahihi. Nikaisoma? Sikuisoma. Nilijua nilichosema. Nikatia jina langu lote, matatu.


Jumanne, tarehe 11 Machi

Mjinga mimi.

Nimepata karatasi ya kifo. Natoka getini namwona sista anatoka pia, nguo za nyumbani, mfuko wa plastiki mkononi. Ndani kuna vile viatu vyeupe vya kazi na kikombe. Nikamkimbilia. Nikamwambia sista, nimekusifu jana kwa mkuu wako!

Akanitazama. Akasema najua, baba, nimesomewa.

Akanieleza. Jioni ile, wakati yuko nyuma ya shuka na sisi, mzee mmoja kwenye mstari alianguka. Kichwa kilikuwa kinavuja damu chini ya kofia, hakuna aliyemtazama kwa kuwa meza haina mtu. Yuko hai lakini mkono mmoja haufanyi kazi. Watoto wake wameshtaki. Hospitali ikasema haiwezekani, meza ina watu wawili kila zamu. Wawili! Yule wa pili alihamishwa wodini tangu asubuhi, ila kwenye ratiba jina lake lipo. Hakuna aliyekuwa na ushahidi nani aliondoka na saa ngapi. Mpaka nikaja mimi na viatu vya marehemu kwapani.

Nikamwambia lakini ulipiga simu. Mara tatu. Nilisikia.

Akasema waliopokea wanasema hawakupokea simu yoyote. Marehemu alisikia, wewe ulisikia. Basi.

Na mimi jana sikulisema hilo. Nilikuwa nasifu. Ukimsifu mtu husemi aliomba msaada, unasema alifanya peke yake.

Amesimamishwa. Kikao Ijumaa saa tatu asubuhi, hapohapo hospitali. Akaniambia bila kunung'unika, anatazama barabara:

"Ukiweza, njoo useme nilipiga simu. Usipoweza nitaelewa, baba. Una msiba."

Afadhali angenitukana. Nitaelewa. Nitakusubiri. Wanawake hawa na maneno yao.

Nikamuuliza angejua yule mzee ataanguka angebaki mezani? Akahamishia mfuko mkono wa pili. Akasema hajui. Akasema anamwota yule mzee, wala mke wangu hamwoti. Akaenda zake.


Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimekwenda mjengoni kuomba Ijumaa.

Ghorofa ya tatu imeshapigwa mbao, nondo zimefungwa. Nikajua kabla sijaambiwa. Pimamaji akasema karibu, pole tena, pumzika mpaka keshokutwa. Ijumaa tunamwaga zege, kuanzia saa moja, namtaka kila mtu ngazini. Asiyekuja nafasi yake ina mtu, wako kumi wanangoja getini. Kweli wapo. Nimewaona, wamekaa juu ya mawe.

Hasira ikanipanda. Nikamwambia wewe na zege lako mmeniulia mke. Kazi ikasimama, wote wanasikiliza.

Hakukasirika. Alishusha kile kipimo akakiweka juu ya ukuta.

"Kwani siku ile uliniomba?"

Nikakitazama kile kipimo.

Sikumwomba. Hilo sijaliandika mahali popote. Sikumwambia mtu. Simu nimeirudisha mfukoni, karai limekuja, nimelipokea. Yule wa sita, jirani yangu wa miaka minne ngazini, leo akasema kaka, ungesema neno moja tu, ningesogea hatua moja nikapokea yako na yangu. Mikono yangu mirefu, akasema, mnanicheka kila siku. Na kweli tunamwita Korongo.

Hatua moja.

Mtoto wa watu ameacha meza kwa mtu asiyemjua, wanamtoa kazini. Mimi sikuacha karai kwa mke wangu. Kazi yangu ipo.

Nilikwenda kuomba Ijumaa. Nikarudi sijaomba. Mara ya pili hii.


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Shemeji amekuja kuchukua nguo za dada yake. Binti akamweleza habari za sista. Shemeji akasema waache walane wenyewe kwa wenyewe, hospitali ile ile, hata mmoja wao angekuwa mtu, dada angepewa kitanda. Binti akamwambia mama mdogo, huyo ndiye alikuwa mtu. Mama mdogo alikunja kanga moja mara tatu, kila mara anaifungua.

Kisha akanigeukia, akauliza kama dada yake alisema kitu mwisho. Kumbe hakuna aliyemwambia. Nikamwambia alimuuliza sista kama anakufa. Na sista? Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya kunawishwa mikono. Sijamwambia mtu mwingine hiyo, ila humu. Akaitazama mikono yangu iliyokuwa juu ya magoti. Akainuka akaenda nje, akakaa kwenye ndoo yangu.

Aliporudi hakusema shemeji samahani wala nini. Alisema asubuhi nitakuwa hapa na watoto, usiwawazie.

Binti kaniuliza, baba, utakwenda? Nikamwambia kalale. Jua halijazama bado. Akacheka kidogo, mara ya kwanza wiki hii, kisha akakumbuka.

Mchana nilitoka peke yangu. Kutoka mjengoni hadi hospitali ni nusu saa kwa mguu. Ukikimbia, dakika kumi na tisa. Nimepima. Watu walinishangaa, mwanamume na mvi anakimbia mchana bila anayemfukuza. Nilisimama langoni pa dharura nikihema. Mezani kuna sista mwingine, mmoja tu. Mstari mpaka mlangoni. Kitanda cha magurudumu kipo palepale ukutani, kimelaza mtu mwingine, miguu tu inaonekana. Shuka hakuna.

Zege saa moja. Kikao saa tatu. Saa tatu kazi ya zege huwa ndio imekolea, karai halikai mkononi.

Korongo amepita jioni. Hakuingia ndani. Kasimama mlangoni kaniambia kesho anataka kusimama wa sita kama kawaida, karibu yangu. Nikamwambia haya. Akasema mikono yake haijafupika. Nikamwambia nimesikia.

Pimamaji bado sijamwambia kitu.

Binti amelipiga pasi lile shati nililovaa siku ya kuzika. Ameliweka juu ya kiti. Nimelikunja, nimelitia kwenye mfuko wa kazi chini ya viatu, na kipande cha sabuni, na kopo la mafuta, vya kutoa zege mikononi. Kuna ufa kidole gumba bado una saruji ya siku ile. Hautoki.

Kesho narudi kazini.