Mashine Iliyozungukanga Bila Upepo

Jumatano, Februari 1994. Jua kali, hakuna hata jani linalotikisika.

Nimerudi Bungoma. Naandika kabla sijaanza kujidanganya.

Miezi mitatu sasa nashughulikia mashine ya majaribio ya kuzalisha umeme kwa upepo, kwenye shamba moja karibu na Mabanga. Kisanduku cha kuiongoza nilikiunganisha mwenyewe kule Kitale. Kinapima upepo, kisha kinaamua mapanga ya mashine yazunguke kwa kasi gani: upepo mdogo, polepole, ukiongezeka, mwendo uongezeke, ila usipite kiasi. Upepo ukianza, kinayasukuma kidogo kwa umeme wa betri.

Jirani wa shamba hilo, Mama Nekesa, alituambia mara mbili, mimi na mwenzangu Barasa, kwamba mashine inazungukanga bila upepo. Tulicheka. Nilimweleza kwamba huko juu upepo upo, ni yeye tu hausikii.

Leo saa sita mchana Barasa alipanda mnara kupaka grisi. Akiwa kwenye ngazi aliniuliza kama nimezima. Nikasema ndiyo.

Sikuwa nimezima. Niliona mapanga yamesimama, nikaona yatosha.

Nilikuwa nimeinama natafuta spana niliposikia Mama Nekesa akiita kutoka uani kwake, kwa sauti ya chini.

"Fundi. Angalia juu."

Mapanga yalikuwa yanazunguka, kimya kabisa. Moshi wa jikoni kwake ulipanda wima, lakini sindano ya kisanduku ilionyesha upepo mkali. Barasa alikuwa amejibana kwenye nguzo, panga likimpita karibu na sikio, kila mara kwa kasi zaidi.

Niling'oa waya wa betri. Mapanga yalichukua muda mrefu kusimama.

Barasa alishuka bila kunitazama. "Si ulisema umezima?"

Tulikuta waya wa kipima upepo umechubuka. Ulikuwa unakipelekea kisanduku habari za upepo ambao haukuwepo, nacho kikayasukuma mapanga kwa betri. Hilo naelewa.

Jioni nilienda kumwomba Mama Nekesa msamaha. Alinipa chai, akasikiliza habari ya waya mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Lakini hata ile wiki mlienda na hiyo sanduku Kitale, ilikuwa inazunguka hivyo tu. Na moshi umesimama."

Wiki hiyo hata betri tulikuwa tumezibeba.

Safari hii sikucheka.

Kesho nitapanda mimi. Nitamwomba Mama Nekesa asimame chini, aniangalilie.