Kaka Yangu na Mbingu ya Waviking

Jumapili, hospitalini Berega. Jua limewaka tangu asubuhi, na wingu lililokaa juu ya milima halikushusha hata tone. Ninaandika kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume. Moyo ni mzito, na sina namna ya kuueleza zaidi ya hapo.

Kwa wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza: kaka yangu Stefano alikuwa mwanajeshi. Alipostaafu alirudi nyumbani huku Ukaguru, akalima mahindi na maharage, akajenga nyumba ya Mama. Kisha figo zikaanza kugoma. Sasa uso umevimba, miguu imevimba, na daktari anasema damu yake lazima isafishwe kwa mashine. Mashine iko Dodoma.

Kaka amekataa kwenda. Hatoi sababu. Daktari anataka jibu la mwisho kesho.

Mimi nafundisha historia Kilosa. Nilipokuja mara ya mwisho nilimletea kitabu kutoka kwenye maboksi ya msaada pale shuleni, kitabu cha picha kuhusu Waviking, wale mabaharia na wapiganaji wa kaskazini ya Ulaya katika zama za kati. Nilitaka tu apate kitu cha kutazama zaidi ya dari.

Alikipenda mno. Alinipigia simu kunieleza merikebu zao zilivyoundwa: mbao za mwaloni zinalaliana kama magamba ya samaki, zinapigwa misumari ya chuma, na kwenye maungio wanashindilia sufu ya kondoo iliyochovywa lami. Chombo chepesi, hakizami sana majini, kinaingia hadi mitoni.

"Hata Mto Mkondoa wa masika wangeupanda mpaka Kilosa mjini," alisema huku akicheka. "Mngetoka madarasani mbio!"

Nilifurahi. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu aanze kuumwa.

Leo nimefika baada ya ibada. Nilipitia Msowero na Dumila, vumbi limenijaa mpaka masikioni. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, akimpepea kwa kipande cha khanga.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alijibu kaka. "Mwalimu, kaa hapo. Nimefika kwenye dini ya Waviking."

Akanieleza, polepole, akivuta pumzi kati ya maneno. Waliamini anayekufa vitani huchukuliwa na mungu wao Odini, akapewa nafasi kwenye ukumbi mkubwa wa mashujaa, kula na kunywa na wenzake. Anayekufa kwa ugonjwa au uzee hushuka kwenye ukungu na baridi. Akasema masimulizi yao yanataja hata mtu aliyekuwa akifa kitandani, akataka kuchanjwa kwa ncha ya mkuki ili ahesabiwe pamoja na waliokufa vitani.

"Kaka, hayo ni ya watu wa kale," nilisema.

"Najua. Mimi ni mtoto wa kanisa. Lakini nimekwenda mbali na bunduki, nikarudi mzima, ili nije nife kwa mkojo?"



Kulikuwa na kisu kidogo mezani, cha kumenyea machungwa. Nilikichukua nikakitia kwenye mkoba wangu. Aliniona.

Baadaye akauliza, "Wewe uliyesoma. Babu zetu, kabla ya misheni, walisema anayefia kitandani anakwenda wapi?"

Nimesimama mbele ya ubao miaka yote hii. Naweza kukueleza jinsi Waviking walivyozika wakubwa wao na merikebu nzima chini ya udongo. Ya babu zangu mwenyewe siyajui. Nikamgeukia Mama, nikamuuliza kwa Kikaguru. Aliacha kupepea.

"Bibi yenu alijua," alisema. "Mimi nilipelekwa shule ya misheni nikiwa mdogo. Tuliambiwa tusiulize, nami sikuuliza."

Kaka akafumba macho. Nikadhani amelala. Kumbe anakusanya nguvu.

"Nitoeni nje. Nataka kukaa kwenye kiti, nimevaa shati."

Muuguzi alikubali kwa muda mfupi. Tulimvalisha, vifungo vya tumboni vikakataa kufungika, tukamtoa kivulini. Mama upande mmoja, mimi mwingine. Alijaribu kunyoosha mgongo kama anakaguliwa. Akaweza. Wagonjwa wengine wakamsalimia, "Afande!" Akaitikia kwa kichwa.

Kisha shingo ikaanza kulegea. Uzito wake ukatujia mabegani, mimi na Mama, nami nikajua kwamba hata nikiwa na nguvu za watu kumi siwezi kumshikilia hapo.

"Nirudisheni kitandani," alisema. Alisema mwenyewe, kwa upole, kama mtu anayeomba maji.

Tukamrudisha. Nilipokuwa nikimfunika miguu alinishika mkono.

"Upendo, mdogo wangu, kesho daktari akiuliza habari ya Dodoma, jibu wewe. Utakalosema nitalifuata. Mimi nimechoka kuamua."

Niliitikia, "Sawa, kaka," kama mtu aliyetumwa chumvi dukani.

Sasa amelala kweli. Mama anaimba wimbo wa kanisani, sauti inakatika katikati. Nikisema aende, nitakuwa nimempeleka kaka yangu akafie mbali kwenye mashine, labda. Au labda atapona. Nikisema abaki, nitakuwa nimemnyima nafasi ya kuishi.

Nimejaribu kuomba. Nimeishia kumtaja jina tu, Stefano, Stefano.

Kutakucha, na daktari atakuja na swali lake. Mungu wangu, nitafungua mdomo niseme nini?