Mlango wa Mizigo

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Sisi wazima, ila mama magoti yanamsumbua. Anakusalimu sana.

Nina dukuduku, wacha nilitoe. Juzi ulipotua hapa na ndege yako nilikwambia mzigo uko tayari. Badala ya kukaa kwenye usukani, ukaingia nyuma na tochi, ukafungua nyavu nilizofunga mwenyewe, ukaamuru magunia yatolewe mkiani yasogezwe mbele. Mbele ya vijana wangu! Mimi mkuu wa wapakiaji, niliyekubeba mgongoni kwenda shule! Sasa wananiita Mkaguliwa.

Marubani wenzako wananiamini. Kama neno langu halikutoshi, tafadhali usije tena kwenye uwanja wangu.

Kaka yako

11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mpe mama pole, na umkataze kupanda zile ngazi.

Barua yako imeniliza. Sikukusudia kukuvunjia heshima. Lakini mzigo ukielemea mkiani, pua ya ndege inanyanyuka na sina nguvu ya kuirudisha chini. Siwezi kusimama angani nianze kupanga magunia. Rubani ndiye anayeondoka na mzigo, kwa hiyo auone kwa macho yake, hata ukipangwa na malaika. Na wewe nakujua, ukiwa na njaa hata kamba za viatu unafunga ovyo.

Nikija, nitakagua. Kwa kuwa hutaki, nimeomba nibadilishiwe njia. Atakuja mwenzangu, yule tunayemwita Mcheshi.

Mdogo wako

29 Julai

Mdogo wangu,

U hali gani? Najua nimekaa kimya muda mrefu. Mama hajambo. Mimi si mzima.

Habari za Mcheshi umezisikia, lakini si zote. Tulipakia jenereta. Ilikuwa nzito na mvua ilikuwa inakuja, tukaiacha palepale mlangoni, kule mkiani, nikaifunga kwa mkanda mmoja. Akaniuliza, "Bosi, tayari?" Nikasema tayari. Akacheka, akanipa mkono, akapanda bila kutazama nyuma. Ndege ikanyanyua pua, ikazidi kuinyanyua, ikaanguka mwisho wa uwanja.

Wachunguzi wamesema kukagua mzigo ni wajibu wa rubani, na mimi sina hatia. Vijana wakanipigia makofi. Lakini msibani mkewe alinifuata, akaniuliza, "Kwani mume wangu alikuwa mzembe?" Nikampa pole tu, nikaondoka. Wewe ungeufungua ule mlango wa mizigo. Nisamehe, rudi.

Kaka yako

4 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Nimelia mpaka macho yamevimba. Mcheshi alikuwa rafiki yangu, na njia ile nilimwachia mimi.

Ni kweli, alipaswa kuangalia. Wachunguzi hawakukosea. Lakini jenereta uliiweka wewe, na aliyekuuliza ni mjane, si mchunguzi. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako. Usimtume mtu.

Ukishakwenda, niandikie. Nitaomba njia yangu ya zamani. Nitaingia na tochi kama kawaida, na safari hii utaingia pamoja nami, vijana wako wakitazama.

Mdogo wako

12 Agosti

Mdogo wangu,

Salama? Mama anauliza unakuja lini.

Nimekwenda. Hakunikaribisha kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Ulimwambia tayari." Nikasema ndiyo. Akafunga mlango polepole. Vijana nao nimewaeleza.

Tochi usije nayo. Nimenunua.

Kaka yako