Kwa Nini Leith Alitaka Kuiacha Melbourne

Mtaa wa Hare,
Echuca, Victoria.
3 Februari

Mpendwa Shangazi Verna,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto la digrii arobaini na moja. Natumaini wewe na Mzee Hamish hamjambo, na kwamba Invercargill imewapa angalau siku mbili za jua tangu Krismasi. Kifua chako kinaendeleaje? Mama anasema mlipoongea mara ya mwisho ulikuwa unakohoa kila baada ya neno. Sisi ni wazima. Goti lake linamsumbua, lakini bado anapanda ngazi mwenyewe kuzibua mifereji ya paa, na ukimkataza ananuna mpaka kesho yake.

Nataka kukueleza habari za Leith tangu mwanzo. Baadaye nitakuwa na swali.

Unajua mimi ndiye ninayempangia ndugu yangu safari zake tangu alipokuwa na miaka kumi na tisa. Mwezi wa Oktoba kocha wake, Duje, alikuja hapa nyumbani tukakaa watatu mezani kupanga mwaka. Duje alisema bila kuzunguka kwamba mtu wa miaka thelathini na saba hawezi kucheza tenisi kila wiki. Viwanja vya udongo aviache kabisa, kwa sababu huko kila pointi ni kukimbia mpaka ulimi utoke nje. Abaki na Melbourne mwezi wa Januari na nyasi za Uingereza mwezi wa Juni, ambako mpira hauruki sana na pointi zinaisha upesi. Katikati apumzike. Akishuka kwenye orodha ya dunia, na ashuke. Aliyelibeba kombe la Melbourne mara mbili hatafungiwa mlango.

Leith alisikiliza, akachukua kalamu, akaikata Melbourne kwenye orodha yetu. Chini yake akaandika Launceston, kisha miji mingine minne midogo ambako vijana wanaoanza ndio hucheza, na watazamaji huja na viti vyao kutoka nyumbani.

"Nyonga," akasema.

"Nyonga gani?" Duje akamuuliza. "Jana umekimbia kilomita kumi na mbwa, na mbwa ndiye aliyechoka!"

"Inauma ikijisikia."

Duje alicheka. Mimi sikucheka. Leith hajawahi kunidanganya vizuri. Akidanganya hukuna sikio, na siku ile alilikuna mpaka likawa jekundu.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Quillam, wakala wake. Nilidhani kuna mahali amemwahidi mtu kitu. Nikampigia simu.

"Merryn, mama yangu," akasema, "mimi nimembembeleza ndugu yako acheze Melbourne mpaka sauti imenikauka. Hata mvua isiponyesha Echuca utasema ni mimi?"

Sikumwamini, lakini sikumpata na kosa. Basi nikahamia kwenye mawazo mabaya zaidi. Nikafikiri labda watu wa kamari wamemshika pabaya. Nikafikiri kuna mwanamke Launceston. Naona aibu kukuandikia hivi, Shangazi, lakini nilipekua mkoba wake wa raketi alipokuwa anaoga. Nilikuta soksi, ndizi iliyooza na tochi mbili. Nikajiuliza tochi mbili za nini, kisha nikazirudisha.

Ukweli ulianza kujitokeza kwa bahati. Nilimpigia mama mmoja anayesimamia mashindano ya Launceston, kuuliza kuhusu hoteli. Akaniambia, "Ndugu yako si mtu wa makuu hata kidogo. Hakuuliza chumba wala gari. Ameuliza tu kama viwanja vyetu vina taa. Nikamwambia hatuna, mechi zote huisha kabla ya saa kumi na moja jioni. Akasema vizuri sana."

Nilipoweka simu chini nikaitazama ile orodha upya. Miji yote mitano ilikuwa hivyo, mchana tu. Na Melbourne, wewe unajua, bingwa wa zamani lazima wamweke uwanja mkubwa, chini ya taa, televisheni ikiwa wazi nchi nzima.

Jumapili iliyofuata nilimwita aje kula nyama ya kuchoma. Akakubali kwa sharti nimfuate na gari na nimrudishe. Jua lilipokuwa limeshuka nyuma ya mikaratusi, kukiwa bado na mwanga wa kumwona mtu uso, nilichuma limau mtini.

"Leith, shika!" nikamrushia.

Limau lilimpiga kifuani. Hakuinua hata mkono. Mtu aliyekuwa akirudisha mipira ya kilomita mia mbili na ishirini kwa saa, Shangazi. Alibaki amesimama, akitazama upande ambao sikuwepo.

"Umefanya makusudi," akasema.

"Ndiyo. Tangu lini?"

"Dada, acha."

"Nimekuuliza tangu lini!"

Akakaa kwenye ngazi za kibaraza. Akasema imeanza mwaka juzi. Mpira ukipanda juu ya taa unapotea, anausikia tu ukitua. Daktari wa macho amemwambia ni ugonjwa wa kurithi, huanza na giza, kisha hupunguza upana wa kuona kidogo kidogo. Hauna dawa. Mchana bado anaona vizuri. Alikuwa tayari kumalizia kazi yake yote mbele ya watu arobaini wenye viti vya kukunja, mradi asionekane akipapasa uwanjani mbele ya nchi nzima.

Nilimwita Duje. Wakabishana saa nzima.

"Ukiwa na mwaka mmoja wa macho, unautumia Launceston?" Duje alimwambia. "Omba wakupangie mchana!"

"Nikiomba watauliza kwa nini."

"Waambie kwa nini! Unaona haya ya nini, umeiba?"

Kesho yake Leith aliwapigia mwenyewe wasimamizi wa Melbourne, mbele yangu. Maneno yalimtoka kama mtu anayeng'olewa jino. Hawakutangaza chochote, walimpa mechi ya kwanza ya siku, saa tano asubuhi, uwanja wa pembeni. Magazeti yakaandika kwamba bingwa amedharauliwa. Watu walijaa mpaka wakasimama juu ya mapipa kutazama. Alishinda seti tatu kwa moja. Mechi ya pili, mchana vilevile, Muajentina wa miaka ishirini alimtoa katika seti ya tano, na Leith akamkumbatia huku anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka uwanjani kwa miaka sita.

Amefuta ile miji mitano. Atacheza nyasi za Uingereza mwezi wa Juni, na anasema jua la huko wakati huo halina haraka ya kuzama. Baada ya hapo basi.

Sasa swali langu. Tukirudi nyumbani kwa gari, mimi nikiendesha, nilimuuliza nani mwingine alijua. Akalikuna sikio. Nikasimamisha gari pembeni.

"Shangazi Verna," akasema. "Nilimpigia kwanza yeye. Alisema nisikwambie wewe wala Mama."

Kwa nini, Shangazi? Baba aliacha kuendesha lori akiwa na miaka arobaini na moja, na tukaambiwa amechoka na barabara. Nakumbuka ukija kututembelea, jioni ulikuwa unamshika mkono kutoka bandani mpaka mlangoni, na mimi nilidhani ni mapenzi ya dada na kaka. Naanza kufikiri ulijua yote, na kwamba Baba alikufa ukiwa umemtunzia siri ambayo haikuwa yake peke yake.

Nina miaka arobaini na tatu. Tarehe kumi na tisa nitamwona daktari wa macho Bendigo. Kwa nafsi yangu siogopi sana. Lakini binti yangu Tamsin anacheza netiboli chini ya taa kila Alhamisi, na wiki iliyopita mpira mwepesi kabisa ulimpita puani. Huenda ni uzembe wa msichana wa miaka kumi na sita. Nataka kujua kama ni uzembe.

Nisalimie Mzee Hamish, Isla na mapacha wake. Mama anakusalimu, yeye bado hajui. Mungu akupe pumzi ya kutosha na akulinde na baridi ya huko.

Tafadhali niandikie yote, na usimpigie Leith kwanza.

Mimi ninayekupenda, hata kwa hasira hizi,
Merryn