Nilitumwa Hiliki

Nasra mjukuu wangu,

Salamu zangu zikufike huko Uingereza kabla chai yako haijapoa. Sisi hapa Darsait hatujambo. Mamako kaanza kazi Wattaya, na paka wako kazaa ndani ya kabati langu la kanga.

Umeniuliza kama hiyo serendipiti yenu ndiyo bahati. Siyo hasa. Bahati hata aliyelala humjia. Hii lazima uwe umetoka kutafuta kitu kingine, ukakuta usichokitafuta.

Tulipohamia huku kwa Waarabu kutoka Unguja, Kiarabu changu kilikuwa cha kubabaisha. Mama akanituma dukani, nikamwambia mwenye duka, "Abgha hiliki," nikidhani ndiyo nataka hiliki. Yeye kwa Kiarabu chake akasikia binti wa watu anataka kuhiliki, kufa! Akaanza kunisomea dua. Nyuma yangu kijana akacheka, akasema kwa Kiswahili cha Pemba, "Dada, huku waiita hel."

Nikageuka nimgombeze. Nikasahau hata nilichotumwa, nnakumbuka macho yake tu, na harufu ya viungo.

Nilirudi mikono mitupu. Jioni mama akanung'unikia chai isiyo na hiliki, na mimi naiona tamu.

Kijana yule ndiye babu yako, Mungu amrehemu. Mpaka leo, nikiponda hiliki, nnageuka nyuma.

Bibi yako,
Zuwena