Tiki Niliyoiandika Mimi

Mwalimu Barasa,

Sijui nianze na salamu au nianze na kutapika. Ni miezi minne tangu wakuzike kwenu Bungoma, na kila nikitaka kukuandikia jambo zuri la huku Juba, mkono unakataa. Basi naanza na ubaya. Wewe mwenyewe hukumpenda mtu wa kuzungukazunguka. Ulikuwa unatukatiza: "Poni, niambie kilichoharibika. Hadithi baadaye."

Kilichoharibika ni app yetu ya kuandikisha chanjo za watoto. Na mkono wangu umo.

Aliyeichukua ni Felix, mwenzako wa ofisini, yule ambaye manukato yake hufika kabla yake. Kwenye misa yako ya kumbukumbu hapa kanisani Kator alilia mpaka wanaume wawili wakamshika mabega. Akatangaza mbele ya watu wote kwamba kazi yako ya Jumamosi, ya kutufundisha kutengeneza app, haitakufa. Nilimwamini, Mwalimu. Nililia naye, nikampa na kitambaa changu afute uso. Siku hizi hata kile kitambaa kinanitia kinyaa. Nilikitupa.

Wiki tatu baadaye alibadilisha ukurasa wa mbele wa app. Jina lako likatoka, lake likaingia. Chini akabandika picha yako, ile ya kitambulisho uliyoichukia kwa sababu kola imekunjika, na maneno "Kwa kumbukumbu ya rafiki." Mtu anakuibia, kisha anakuweka pale pale umtazame akiiba! Nilipoiona nilizima simu, nikatoka nje kuvuta hewa.

Unakumbuka app yangu ya kwanza, ile ya wanakwaya? Niliingiza majina thelathini, nikaifunga kwa furaha. Ulipoifungua hapakuwa na hata moja. Ukaniuliza, "Kwaya yako imekwenda wapi, Poni?" Darasa zima likacheka, nami nikatamani kukutupia chaja. Tena ilikuwa chaja yangu, uliyoiazima na hukuirudisha mpaka leo. Siku hiyo ndiyo niliyoelewa kwamba kinachoonekana kwenye kioo si kitu mpaka kiandikwe ndani ya simu.

Na ile Jumamosi ya kujifunza kutuma data kwenye seva! Ulisimama mlangoni na sahani ya bati ukatuamuru tutoe laini zetu za simu, kila mtu aweke yake humo. Tulinung'unika. Tutajifunzaje mtandao bila mtandao? Ukasema, "Mko Juba. Kwanza mtandao upotee, ndipo tuone app yako ina adabu gani." Tukakaa saa nne nzima na simu zisizo na laini. Tangu hapo ulikuwa wimbo wetu: rekodi iandikwe kwenye simu, ikae kwenye foleni, mtandao ukirudi itumwe, seva ijibu kwamba imepokea, ndipo tiki ya kijani itokee. Kabla ya jibu la seva, mtu aone duara la njano tu. Uligombana nasi kwa ajili ya lile duara la njano kana kwamba tumemtukana mama yako.

Felix hakulitaka. Wafadhili walikuwa wanakuja kuiona app hotelini, na yeye akasema njano inaonyesha uvivu. Foleni nayo akaiona mzigo, kwa sababu idadi iliyo kwenye simu na iliyo kwenye seva hazilingani mpaka foleni iishe. "Dada, wageni hawana muda," aliniambia. "Rusha kila kitu moja kwa moja kwa seva. Tiki itokee mtu akibonyeza tu." Yeye mwenyewe hawezi kuandika mistari kumi bila kuniita. Kwa hiyo niliyeandika ni mimi.

Nilijua. Usifikiri sikujua. Nilijua kwamba mtandao ukikatika, jina la mtoto litapotea na tiki itawaka vile vile. Lakini Felix aliniahidi darasa lako la Jumamosi, nikae kwenye meza yako, niitwe Mwalimu. Nikaifuta hifadhi ya ndani kwa vidole hivi. Najichukia nikikumbuka jinsi ilivyokuwa rahisi.

Hotelini mambo yalikwenda vizuri, bila shaka. Mtandao wa pale una nguvu, kijani kikawaka, watu wakapiga makofi. Felix akainamisha kichwa akakutaja kwa sauti ya huzuni.

Ubaya ukaangukia kwa Sista Rebeka. Hukuwahi kumwona. Ni muuguzi wa kliniki moja ndogo ya watoto upande wa Bilpam, na mtandao wa kule hukatika mara nyingi kwa siku. Aliandika kila mtoto na chanjo aliyopata, akaona tiki, akamwita mwingine. Mwisho wa mwezi ripoti ilionyesha siku nyingi tupu, kana kwamba alikuwa amelala nyumbani. Tukaitwa kwenye mkutano. Mkuu wa kliniki alikuwapo, wafadhili walikuwapo, na sambusa zilikuwapo. Felix akasema, "Mfumo uko sawa kabisa. Shida ni mtumiaji."

Sista Rebeka alisimama na sare yake iliyopigwa pasi. Akasema, "Mimi iko kazini kila siku. Simu ilisema imeingia, khalas, basi, mimi naita mtoto ingine." Mkuu akampa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata alete maelezo, la sivyo aondoke.

Mimi nilikuwa na sambusa mdomoni, Mwalimu. Niliimeza. Ndilo jambo pekee nililofanya kwenye mkutano ule.

Siku mbili sikuweza kula. Siku ya tatu nikapanda boda mpaka kule kliniki. Nikamwomba simu yake, nikaingia mpaka kwenye hifadhi yake ya ndani, nikijidanganya kwamba huenda kuna mabaki. Jedwali lilikuwa tupu. Lingekuwaje na kitu, na mimi ndiye niliyelifuta?

Aliichukua simu, akatoka na daftari la shule, nami nikaongozana naye nyumba kwa nyumba akiuliza kina mama: huyu alichomwa sindano lini, huyu alipata matone mara ngapi. Wengine wana kadi kwenye mfuko wa nailoni, wengine kadi zimeloa zikaoza. Kuna mtoto mmoja, msichana wa miezi minane, ambaye hakuna anayejua kama alipata chanjo ya tatu. Mama yake anasema ndiyo, bibi yake anasema hapana. Mtoto alikuwa ananyonya kidole akinitazama. Nilishindwa kumtazama.

Nikamwambia Sista Rebeka yote, tulipopita nyuma ya kliniki, karibu na pipa la maji. Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe wewe ulijua. Na ulikuwa unakula."

Nikaanza kuomba msamaha: malesh, malesh. Akaniinulia mkono. "Malesh yako peleka mbali. Mimi najua mimi si mwongo, ya kuniambia mimi ni ya nini? Ambia wale watu. Na sema jina yako, usiseme ni kompyuta." Akafungua daftari lake, akaenda nyumba iliyofuata. Nikamfuata. Hakunifukuza.

Nimerudisha foleni. Nimerudisha duara la njano. Nimeiweka app upya kwenye simu yake, nikaizima data, nikaingiza jina, nikalisubiri mpaka mtandao uliporudi na seva ikajibu. Inafanya kazi. Lakini majina yaliyopotea hayarudi, na hilo wewe ulinifundisha kabla ya mtu yeyote. Tumekusanya mengi kwa miguu. Si yote.

Felix amepata habari. Amenipigia leo asubuhi kwa ile sauti yake ya misani. "Poni, usijiharibie. Darasa ni lako Jumamosi hii." Akakutaja na wewe, akasema Barasa angependa tusikivunje alichokijenga. Nilikata simu. Mdomoni nilisikia mafuta ya ile sambusa.

Mwalimu, nakuaga hapa. Sijui kama ungenisamehe. Ulikuwa mgumu, na hukuwahi kunisifu hata mara moja. Nimeacha kuitaka sifa yako, na meza yako pia nimeiacha. Lala salama huko Bungoma, karibu na watu wako.

Ninakuahidi jambo moja. Kesho ni Ijumaa, na saa tatu nitaingia mkutanoni kabla Sista Rebeka hajaulizwa chochote. Nitasema jina langu kwanza, la baba yangu na la babu yangu, waliandike vizuri. La Felix watalisikia baadaye.

Mwanafunzi wako,
Poni