Jina la Dada Yangu Ukutani

Jumapili, 3 Machi 1957
Daftari jipya. La zamani lilikuwa la karani anayefanya kazi ya wengine!
Baada ya misa tumepima kiwanja mtaani Cimpunda, mimi na Adalbert. Hatua kumi na nane kwa kumi na mbili. Adalbert ni fundi wa baiskeli, lakini akishika gitaa watu wanasahau sahani zao. Yeye ana gitaa na wenzake watatu wa kupiga naye. Mimi nina akili. Kinachokosekana ni fedha tu. Tulicheka sana.
Nataka baa ya kweli. Sakafu ya saruji, si vumbi. Meza zenye vitambaa. Muziki unaosikika hadi mtaa wa Nyawera. Karani wa mtaa wa Kadutu avae tai yake na awe na mahali pa kwenda nayo.

Jumatano, 13 Machi
Benki. Nilivaa koti langu zuri. Mzungu hakunipa kiti. Aliuliza dhamana, nikataja nyumba ya udongo ya marehemu Papa, baba yangu. Akasema udongo si dhamana. Kisha akauliza kama bwana wangu wa ofisini anajua niko wapi saa hizi. Nimetoka pale jasho limefika kwenye soksi.
Kuna likelemba ya ofisini — tuko kumi na wawili, kila mwezi tunachanga na mmoja anabeba yote. Zamu yangu ni mwezi huu. Itatosha saruji na mabati, haitatosha mashine. Mgiriki mmoja wa Avenue Royale ana pikapu, mashine ya kupigia sahani za muziki, pamoja na kipaza sauti kikubwa, kinatumia betri ya gari. Ameviweka dirishani. Leo nimepita pale mara tatu.

Jumamosi, 6 Aprili
Nimeuza ng'ombe. Naandika haraka ili yaishe.
Ni wale wanne alioleta Barthélemy mwaka jana alipomwoa dada yangu Cibalonza. Papa hayupo, mimi ndiye mkubwa, ng'ombe wako chini yangu. Maman alikaa mlangoni akanizibia njia. Anasema ng'ombe wa binti hawatoki zizini kabla binti hajaleta mtoto nyumbani tukamwona. Na siku ndoa ikivunjika? “Utabarudishia nini bale batu? Muziki?” Nikamjibu kwamba hayo ni ya zamani, na ng'ombe ni fedha inayokula majani bure. Hakuondoka. Basi nilimruka. Mama yangu mzazi, nimemruka kama gogo!
Mchinjaji wa Nyawera amechukua wote. Yule mwenye doa jeupe aligoma kutembea, ikabidi nimsukume mwenyewe.

Jumanne, 30 Aprili
Mashine iko chumbani kwangu, imefunikwa blanketi langu. Mimi nalala na baridi!
Kazi nimeacha. Bwana alisema nitarudi kuomba, na hatanichukua. Nilimtakia siku njema kwa Kifaransa safi. 

Jumapili, 19 Mei
Jina! Adalbert alitaka la Kifaransa, la Paris. Nimekataa. Ng'ombe wa dada ndio walionunua sauti ya nyumba hii, basi nyumba iitwe jina lake. BAR CIBALONZA. Herufi nyekundu, kila moja na urefu wa mkono. Fundi wa rangi ameongeza mwanamke anayecheza, chupa mkononi, bila kuombwa. Nimemwacha. Amependeza.
Nimejisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka kuungama. Maman amepita pale akielekea sokoni, hakugeuza shingo.

Ijumaa, 7 Juni
Kibali! Muhuri wa serikali, sahihi, kila kitu. Walikuja kupima hata choo. Tunafungua Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa mchana. Adalbert amenibeba mgongoni mpaka barabarani.

Jumatatu, 10 Juni
Cibalonza amekuja. Kwa miguu, kutoka kule shamba la chai. Jicho la kushoto limefungika. Akikohoa anashika mbavu.
Ni ule ukuta. Barthélemy ni kapita, msimamizi wa wachumaji, pale shambani. Wachumaji walioshuka mjini walisoma jina, wakamwona na yule mwanamke wa chupa. Tangu hapo kila asubuhi wanamuuliza kapita wao mke wake anauza bei gani. Alivumilia siku tano. Ya sita akafunga mlango.
Cibalonza alinieleza polepole, bila machozi, akiniita yaya, kaka yake mkubwa. “Aliniuliza nani alikupa ruhusa ya kuweka jina yangu kwa balevi. Nikasema sijui. Akapiga. Nikasema tena sijui, yaya. Ilikuwa kweli.”
Alitaka kuona. Nikampeleka. Masista walimfundisha kusoma, akafuata herufi moja moja kwa kidole, hewani. Halafu akauliza: “Njo mimi huyu mwenye kucheza?” Eti yule ndiye yeye! Nilifikiri nampa heshima! Nani aliniambia heshima ya dada yangu inakaa juu ya mlango wa baa?
Amesema harudi kule, mumewe atamuua. Maman anamkanda kwa maji ya moto. Mimi hanitazami.

Jumanne, 11 Juni
Fundi wa rangi amepaka jina chokaa mara mbili. Nyekundu bado inaonekana chini yake. Nimemlipa, nimemfukuza, nikabaki natazama.

Alhamisi, 13 Juni
Wazee wa Barthélemy wamekuja wawili. Msemaji ni Muzee Mushagalusa, baba yake mdogo; alikuwa anakunywa na Papa zamani. Hakupandisha sauti hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Anasema kijana wao amekosea kupiga, watamkemea. Lakini mke ni mke. Arudi, ama ng'ombe warudi. Kwa sababu ya urafiki na Papa watapokea watatu sasa, wa nne baadaye. Fedha yake pia wanakubali. Ahadi hawataki. Mwisho Jumamosi.
Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa: “Ngombe ziko wapi, mutoto ya rafiki yangu? Tuoneshe tu, macho ifurahi.”
Nilinyoosha mkono kuelekea mlimani. Mlima mzima! Akatazama huko kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akaomba fimbo yake.

Ijumaa, 14 Juni
Nimekwenda kwa Mgiriki. Nimemsihi kama mtoto. Atachukua mashine na kunirudishia robo tatu ya bei. Ng'ombe watatu, sawasawa! Lakini niilete kesho kabla ya saa sita. Baada ya hapo anafunga duka, anakwenda Usumbura wiki tatu.
Adalbert akasema: “Peleka, ndugu. Gitaa ilikuwa inalia hata hii mashine haijakuja.” Tutafungua bila kipaza sauti. Watakaokuja watakuja.
Nimemwambia Cibalonza. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule usiouma. Sijaona cheko hilo tangu harusi yake. Maman amenipa chakula kwa mkono wake.

Jumamosi, 15 Juni
Saa mbili asubuhi. Mashine imefungwa ndani ya blanketi. Mwenye mkokoteni nimemwita.

Saa nne. Watu! Hatujafungua na wamejaa mpaka barabarani. Makarani wenzangu wa zamani, wote na tai. Wanawake wamefunga vilemba vipya. Mmoja alinishika mkono akaniita patron, bwana mwenye baa. Mimi, patron! Wanasema wamesikia kuna sauti kubwa, iko wapi? Adalbert alikuwa anatazama chini. Nikasema wimbo mmoja tu, wa kuiaga. Nikafungua blanketi, Adalbert akaiunganisha gitaa yake.
Mungu wangu, sauti ile! Nimeona watu wakipanda mbio kutoka upande wa Nyawera. Mwenye mkokoteni naye anacheza.

Kengele ya saa sita imelia. Nimeisikia. Nisije nikaandika kesho kwamba sikuisikia.
Leo tutauza sana. Jumatatu nitatafuta namna. Wazee watasubiri kidogo, ni watu wazima.

Saa tisa na nusu. Wako nje. Muzee Mushagalusa na mwenzake, na Barthélemy amevaa shati jeupe, kofia mkononi. Nimewapelekea bia, imerudi haijafunguliwa. Sijatoka. Niko nyuma ya kaunta, naandika ili nionekane nahesabu chupa.
Cibalonza alikuwa jikoni tangu asubuhi, ameosha glasi zote bila mtu kumwambia. Alikuja hapa akauliza: “Yaya, Mugiriki alishachukua?” Nikamwambia asubiri kidogo. Akageuka, akakiona kipaza sauti juu ya meza, kinafanya kazi. Alivua kitambaa cha kiunoni, akakikunja mara nne, akakiweka kaunta pembeni ya daftari hili. Kimelowa. Ukurasa huu unalowa.
Sasa ametoka nje, kwa wazee. Maman yuko naye, nasikia sauti yake. Nasikia jina langu — si lile la ubatizo, lile la nyumbani ambalo wao wawili tu bado wananiita. Mara moja. Mara mbili.
Adalbert ameacha kupiga. Ananitazama.
Nimemwonyesha mashine kwa kidole: ongeza sauti.